Anauza bahari, lakini kwanza anakusikilizisha kelele

Simu ya mapokezi inalia, na upande wa pili wa uzio wa mabati mtu anakata nondo. Mwanamke aliyekaa nyuma ya kaunta anaipokea taratibu, anataja jina la hoteli, anamsalimu mpigaji na kumuuliza hali ya nyumbani. Kisha mpigaji anauliza swali ambalo wapokea simu wengi wa hoteli za ufukweni huliogopa kuliko swali la bei: je, hapo kwenu ni pa kimya?

Mwanamke anaweka kalamu chini. Anasimama, anauvuta waya wa simu mpaka mwisho, anafungua dirisha la pembeni na kuutoa mkono wa simu nje. Grenda la kukatia nondo linalia, chuma kinalia, mtu anapiga kelele za kuomba maji. Anauacha pale kwa muda wa kutosha.

"Umesikia, mama?" anauliza akiurudisha sikioni. "Hiyo ndiyo hali yetu. Leo ni nondo mpaka jioni. Sasa nikueleze ni saa ngapi hutasikia hivyo, halafu utaamua mwenyewe."

Wenzake wanamwita Bi Sikiliza. Jina alipewa na mpishi wa hoteli, ambaye kila akipita na sinia la chai humkuta amening'inia dirishani kama mtu anayevua samaki kwa simu. Yeye halikatai. Anasema amewahi kuitwa majina mabaya zaidi, mengine na meneja wake.

Hoteli yenyewe ni ya ghorofa mbili, kuta nyeupe, vyumba vichache, ngazi za kushuka moja kwa moja kwenye mchanga. Picha zake zilizoko mtandaoni zilipigwa zamani, wakati jirani yake alikuwa kichaka na mbuzi. Leo mahali pa kichaka panapanda jengo kubwa, nalo pia litakuwa hoteli, na ukisimama kwenye korido ya juu unaweza kusoma maandishi yaliyo kwenye kofia za mafundi.

Kila mgeni anachagua hoteli kwa picha, na picha haina sauti. Hapo ndipo Bi Sikiliza anapoanzia.

"Mtu akitaka hoteli ya ufukweni asiulize kama kuna kelele," anasema. "Nani atamjibu ndiyo? Aulize jirani yenu anajenga nini, na amefika wapi. Msingi ndio balaa. Kuta zinavumilika. Wakija kukata vigae, kimbia. Wakifika kwenye rangi, njoo na watoto wako mlale mchana."

Hayo hakuyasoma popote. Aliyapata kwa kupigiwa kelele mwenyewe, kutwa, miezi na miezi, na kwa mazungumzo yake na msimamizi wa ujenzi. Kila mwanzo wa juma huenda kwenye lango la mabati kumuuliza watafanya nini na siku gani. Msimamizi, mwanamume mpana mwenye vumbi hadi kwenye kope, mwanzoni alidhani ametumwa kupeleleza. Siku hizi humwekea kigoda.

Bi Sikiliza amekuwa kwenye kaunta hiyo tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Mshahara wake unalipa kodi ya nyumba ya vyumba viwili na ada ya watoto wawili, na ukishafika hapo umeishiwa pumzi. Mume wake ni fundi cherehani. Anamtania kwamba laiti kazi zao zingebadilishana, wangelala njaa, maana mkewe angemwambia kila mteja kitambaa chake kinachuja.

"Namwambia kama kinachuja, kinachuja," anasema Bi Sikiliza, wala hacheki.

Meneja wa hoteli si mtu mbaya, na ni haki kulisema hilo mapema. Ni kijana mwenye adabu aliyepewa hoteli tupu na kuambiwa aijaze. Alipogundua kwamba mfanyakazi wake anawasikilizisha wateja kelele kwa hiari yake, alikaa chini kwanza.

"Nilimwambia, dada yangu, biashara matangazo," anakumbuka. "Akaniambia, na hilo si tangazo? Lakini vyumba vilikuwa vitupu, na mwenye hoteli alikuwa ananipigia kila siku."

Mwenye hoteli alikuwa amekwisha fikiria jambo moja rahisi: kufunga mpaka jirani amalize, na kuwarudisha wafanyakazi wote nyumbani. Mpishi, wafagizi, dobi, mlinzi, Bi Sikiliza. Meneja aliomba apewe mpaka Jumatatu moja aliyoitaja. Kisha akamwambia Bi Sikiliza wazi kwamba juma hilo likienda vibaya, wote watamwaga unga, na kwamba dirisha lile litakuwa limechangia.

"Sikulala vizuri," anakiri Bi Sikiliza. "Si kwa ajili yangu peke yangu. Dobi wetu ana mama mgonjwa. Unaanza kujiuliza, hivi ukweli wangu huu unalisha nani?"

Hata hivyo hakulifunga dirisha. Kama kwa kumjaribu, katikati ya siku hizo za roho mkononi ikaja simu moja.

Aliyepiga alikuwa mwanamke wa makamo. Mama yake, bibi wa watu, alikuwa hasikii kwa miaka mingi, na sasa alikuwa amepata vifaa vya kusikia, vile vidogo vya kuvaa masikioni. Fundi wa vifaa hivyo alikuwa amewaonya waanze navyo mahali tulivu, kwa sababu sikio lililokaa kimya muda mrefu huumia haraka. Familia ikamuuliza bibi angependa kusikia nini kwanza, sauti ya wajukuu au nyimbo za zamani. Akasema bahari. Alizaliwa pwani, akaolewa mbali na maji, na masikio yakaziba kabla hajarudi.

"Nilipigia simu hoteli nyingi," binti huyo alieleza baadaye. "Wote waliniambia kwao ni kimya kabisa. Mmoja aliniambia hivyo huku nasikia nyundo nyuma yake."

Bi Sikiliza alimtolea simu dirishani kama kawaida. Siku hiyo walikuwa wanamwaga kokoto. Kisha akamwambia jambo ambalo msimamizi alikuwa amemwambia yeye: kwamba Jumapili hakuna kazi, na siku hiyo kutwa nzima husikii ila maji.

Binti akaomba vyumba vitatu.

"Nikaona huyu ameniambia baya lake bila kulazimishwa," alisema. "Basi akiniambia Jumapili ni kimya, ni kimya."

Walifika Jumamosi jioni, bibi katikati, mtandio mweupe kichwani, fimbo mkononi, akitazama midomo ya watu ili aelewe wanachosema. Vifaa vilikuwa ndani ya kijiboksi alichokikumbatia kama aliyebeba mayai. Meneja aliwapokea mwenyewe. Usiku ule mpishi alipika kwa bidii ambayo wenzake walikuwa hawajaiona tangu mwanzo wa mwaka.

Asubuhi ya Jumapili Bi Sikiliza alipofika kazini, aliyakuta malori ya zege yamejipanga kwenye lango la jirani, mapipa yao yanazunguka.

Mvua ndiyo iliyoharibu. Ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo katikati ya juma, na kazi ya kumwaga zege la ghorofa ikasogezwa mpaka siku ya mapumziko. Hakuna aliyekumbuka kumpelekea habari mpokea simu wa hoteli ya jirani. Kwa nini wamkumbuke? Jenereta lilikuwa linanguruma, pampu inasukuma, na juu ya ghorofa vijana walikuwa wanazamisha kwenye zege zile mashine za kulitetemesha ambazo sauti yake hupita ukutani na kukaa kwenye meno.

"Nilisimama pale na mkoba wangu begani," anasema. "Nikasema, leo kitumbua kimeingia mchanga. Nimemdanganya mtu mzima ambaye hata hajasikia uongo wenyewe."

Meneja alikuwa kwenye ngazi, shati limepigwa pasi. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba wageni bado wanakunywa chai, na kwamba bibi hajavaa vifaa vyake.

Bi Sikiliza aliuacha mkoba kaunta akaenda zake kwenye lango la mabati. Mlinzi akampa kofia ngumu iliyomfika puani. Alimkuta msimamizi chini ya ghorofa, amelowa jasho, anapigia kelele dereva wa lori.

"Dada, nisamehe," msimamizi alisema alipomwona, kwa sababu alikumbuka papo hapo. "Lakini unalijua neno. Zege halilali."

"Sikuja kukuomba ulilaze," alimjibu. "Nimekuja kukuuliza linapumua saa ngapi."

Msimamizi anasema ndipo alipocheka, ingawa hakutaka. Akamweleza. Lori likishamwaga mzigo wake hutoka, na la pili huingia kwa kurudi nyuma polepole. Hapo katikati pana upenyo mfupi ambao zege halidhuriki. Lakini mashine haziwi kimya wakati huo, kwa sababu jenereta lao ni zee na lina kiburi. Likizimwa, kuliwasha ni bahati nasibu. Na lisipowaka, zege litagandia ndani ya pampu, kazi ya siku itaharibika, na mtu atakayeulizwa ni yeye.

Bi Sikiliza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza habari za bibi, zote, kuanzia masikio mpaka bahari. Alipomaliza hakuongeza ombi. Aliivua ile kofia na kusema ameelewa, kwamba kazi ni kazi, na kwamba anakwenda kuwaambia wageni wake ukweli.

"Ngoja," msimamizi akasema.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza msimamizi huyo kwa nini alimzuia. Mtu aliyekuwa na ghorofa nzima ya zege bichi kichwani mwake alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Mimi ndiye niliyemwambia Jumapili ni kimya," alisema. "Neno lilikuwa langu kabla halijawa lake. Yeye alilibeba tu. Ahadi ni deni, na mdaiwa nilikuwa mimi."

Wakakubaliana. Lori la tatu likishatoka, msimamizi atazima kila kitu. Yeye atasimama ukingoni mwa ghorofa na kuinua mkono.

Bi Sikiliza alipanda kwenye chumba cha bibi akiwa anahema. Aliwaambia wageni kila kitu bila kupamba: kwamba Jumapili aliyowaahidi haipo, kwamba badala yake kuna upenyo mdogo, kwamba jenereta huenda likamgharimu mtu kazi yake, na kwamba wakiona hayo hayatoshi wana haki ya kuondoka. Binti alimtafsiria mama yake kwa midomo na vidole. Bibi aliwatazama wote, akainuka, akaenda kukaa kwenye roshani na kufungua kijiboksi chake.

Roshani hiyo ina bahari mbele na ujenzi ubavuni. Kutoka pale walimwona msimamizi amesimama ukingoni, na nyuma yake vijana wengi wenye mabuti ya mpira, wamezama kwenye zege mpaka vifundoni. Lori la tatu likatoka. Msimamizi akainua mkono.

Kwanza zilikufa zile mashine za kutetemesha, moja baada ya nyingine. Kisha pampu. Kisha jenereta likakohoa na kunyamaza.

Wote waliokuwapo wanazungumzia kimya kile kwa sauti ya chini, kama watu waliotoka kwenye nyumba ya ibada. Dobi, aliyekuwa ua wa nyuma akianika mashuka, anasema aliganda na kibanio mdomoni. Mpishi alizima jiko. Meneja anasema ndipo alipogundua kwamba kwa miezi mingi alikuwa anaishi huku amekaza mabega, na yakashuka yenyewe.

Binti akamvalisha mama yake kifaa cha kulia, kisha cha kushoto.

Bibi aligusa kiti, kikalia, akashtuka. Aligusa mtandio wake ulipokuwa unasugua sikio. Kisha akageuza uso mbele, na wimbi likaja. Likavunjika, likajikokota juu ya mchanga, likarudi na kokoto zake ndogo ndogo. Likaja jingine. Mikono yake ilikuwa imeshika nguzo za roshani, Bi Sikiliza akiwa nyuma yake.

"Bado ipo," bibi alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu waliozoea kutojisikia. Binti yake alilia pale pale. Bi Sikiliza anasema yeye hakulia, kwa sababu wakati huo alikuwa ametazama ubavuni, kwenye ujenzi.

Vijana wote wa ghorofa walikuwa wamegeuka. Hakuna aliyewaamuru. Walisimama ndani ya zege, koleo mikononi, nyuso zimeelekea majini, wametulia kabisa.

Mmoja wao, kibarua mrefu ambaye wenzake wanamwita Twiga, alizungumza na mwandishi nje ya lango. Ametoka mbali na pwani na hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Tangu msingi nilikuwa naiona tu," alisema. "Tunaingia kazini mashine zinawaka, tunatoka mashine zinawaka, tunapanda gari. Kumbe ina sauti. Nilisimama nikasema, Mungu wangu, kumbe siku zote hizi ilikuwa inasema."

Ni vigumu kuyaandika hayo na kubaki mtulivu. Watu waliofanya kazi hatua chache kutoka baharini, msimu baada ya msimu, walikuwa hawajawahi kuisikia, na walikuja kuisikia kwa sababu mpokea simu mmoja alitaka neno lake lisiwe la uongo.

Lori la nne likaanza kurudi nyuma. Msimamizi akashusha mkono, na fundi wa jenereta akavuta kamba ya kuliwasha. Halikuwaka. Akavuta tena. Likatoa moshi na kukataa. Anasema msimamizi kwamba hapo ndipo aliposikia moyo wake mwenyewe, maana palikuwa kimya cha kutosha. Mara ya tatu likashika, na juu ya ghorofa vijana wakapiga miluzi ambayo ilisikika mpaka jikoni.

Kelele zikarudi zote kwa pamoja. Binti aliruka kumvua mama yake vile vifaa kabla hajaumia. Bibi akamshika mkono.

"Wacha," alisema. "Na hao nao niwasikie."

Hakuvivua. Alipunguza sauti ya vifaa kidogo kama alivyofundishwa, akakaa pale roshani mpaka jua lilipopinda, akisikiliza zege likimwagwa. Kila baada ya muda aliuliza sauti fulani ni ya nini, na Bi Sikiliza, ambaye meneja alimruhusu aiache kaunta, alimweleza. Ile ni pampu. Ule ni mwiko. Yule anaitana na mwenzake, wanataniana. Bibi alitaka kujua wanataniana nini. Ikabidi Bi Sikiliza achuje kidogo, jambo ambalo anasema si kawaida yake.

"Miaka yote nilidhani kimya ni zawadi," anasema. "Nawauzia watu kimya, nawapimia kama sukari. Bibi wa watu akanitazama akaniambia, mwanangu, mimi nimeshakaa kimya sana."

Jumatatu meneja alimpigia mwenye hoteli. Anasema alikuwa ameandaa hesabu, kisha akaziacha. "Nilimwambia tuna bahari, tuna vitanda, na tuna mtu mmoja ambaye akisema kitu kwenye simu watu wanamwamini. Bahari na vitanda kila jirani anavyo." Mwenye hoteli alinung'unika, akapunguza bei ya vyumba vya upande wa ujenzi, akakubali hoteli ibaki wazi. Haijajaa. Lakini dobi bado anaanika mashuka, na mpishi bado anamtania mtu wa dirishani.

Meneja alimpa Bi Sikiliza sharti moja: akishamaliza kuwatisha wageni, awatajie na kifungua kinywa. Analitimiza, ingawa mpishi anadai analitimiza kwa haraka mno.

Na matumaini yake? Anasema anataka watoto wamalize shule, na jirani amalize vigae. Jengo lile likikamilika litakuwa na vyumba vingi kuliko vyao, na tayari wenye jengo wamemtumia mtu kumuuliza kama angependa kaunta mpya. Amewaambia atafikiri. Kwanza ana jambo la bibi la kushughulikia.

Bibi alipiga simu juzi. Alipiga mwenyewe, bila binti, kwa sauti yake ile kubwa, akitaka chumba kile kile mwakani, roshani ile ile.

"Nilimwambia ukweli," anasema Bi Sikiliza. "Nikamwambia bibi, mwakani watakuwa wamemaliza. Hutasikia nyundo, hutasikia lori, wale vijana watakuwa wameondoka. Itakuwa bahari tupu."

Bibi akauliza kama Bi Sikiliza anaijua hoteli nyingine yoyote ya ufukweni ambako wanajenga.

Bi Sikiliza hakuijua. Alimwomba ampe mpaka mwisho wa juma, akaweka simu chini, akaenda kwenye lango la mabati kumuuliza msimamizi kazi yao inayofuata iko wapi.